Mwanafamilia wa saa 30 kwa wiki: mwaka wangu wa au pair Ujerumani

Hakuna kitu kinachochosha kichwa kama kuishi kwenye nyumba ya watu afu wenyewe kila saa wanakwambia jisikie nyumbani. Yani wangekuacha tu uwe mgeni ingekuwa rahisi, mgeni kazi yake anaijua, anakaa anapoonyeshwa, anakula anachowekewa, anashukuru. Sasa ukishaambiwa hapa ni kwako ndo shughuli inaanza: friji nifungue au nisubiri? Saa nne usiku njaa inauma, nitoke niende jikoni au nilale hivohivo? Mume na mke wakianza kugombana nikiwa mezani, niondoke au nijifanye natafuna?

Nilikaa mwaka mmoja Ujerumani kama au pair, kwenye mji mdogo nje ya Stuttgart, kwa familia ya baba, mama, mtoto wa kike aliyekuwa ndo kwanza ameanza darasa la kwanza na mdogo wake wa kiume wa chekechea. Hapa nataka niongelee hicho kitu cha kuishi ndani na watu, kwa sababu mambo ya viza na fomu kila mtu anayaelezea, ila hili la kukaa nao mnaliruka, mnasema tu "nilipata familia nzuri" au "nilipata familia mbaya" kama vile ni bahati nasibu. Kwa nilivyoona mimi, familia nyingi si nzuri wala si mbaya, ni watu waliochoka wana watoto wadogo, na wewe umedondokea katikati ya uchovu wao.

Kwa asiyejua, au pair ni kijana anayeenda kuishi na familia ya nchi nyingine, anasaidia watoto na kazi ndogondogo za nyumbani, wao wanampa chumba, chakula, hela ya mfukoni na nafasi ya kujifunza lugha na maisha ya pale. Ujerumani masharti yako wazi kabisa: uwe umefika miaka 18 na hujatimiza 27 siku unaomba viza, uwe na Kijerumani cha kiwango cha A1, yani hatua ya kwanza kabisa, ukae kati ya miezi 6 na 12, na ukishakuwa au pair kule mara moja basi imetosha, hurudii. Kazi isizidi saa 6 kwa siku wala saa 30 kwa wiki, na humohumo kunahesabiwa hata kukaa na watoto usiku wazazi wakitoka. Hela ya mfukoni wakati wangu ilikuwa euro 280 kwa mwezi, familia inaongeza euro 70 kwa mwezi za kozi ya lugha, inalipa bima, inakupa chumba chako mwenyewe, siku moja na nusu kila wiki ni zako, na likizo ni wiki 4 ukikaa mwaka mzima. Walioenda Marekani kwa viza ya J-1 wao wanaweza kupangiwa mpaka saa 45 kwa wiki na saa 10 kwa siku, kwa hiyo usichukue stori za rafiki yako wa Boston ukaenda kuzidai Munich, ni vitu viwili tofauti japo jina ni moja.

Na kuna mkataba wa Baraza la Ulaya wa mwaka 1969, uliofanyiwa Strasbourg, unaohusu hawahawa au pair. Kwenye utangulizi wake wanasema huyu mtu hayumo kwenye kundi la wanafunzi wala la wafanyakazi, yuko kwenye kundi lake la pekee lenye sura ya yote mawili. Siku naisoma hiyo nilicheka peke yangu kwenye treni mpaka mzee aliyekaa mbele yangu akaniangalia. Kumbe hata wanasheria wa Ulaya walikaa na kalamu zao wakashindwa kumweka huyu mtu upande mmoja, sasa mimi na mama wa watu jikoni, na Kijerumani changu cha A1, ndo tutaweza?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nililikuta limeshanolewa linanisubiri mlangoni. Lilikuwa kalenda. Ukutani jikoni kulikuwa na kalenda ndefu nyembamba, kila mtu na safu yake, baba, mama, mtoto, mtoto, na safu ya tano juu yake wameandika jina langu kwa kalamu ya zambarau, na tayari imejaa. Jumatatu asubuhi chekechea, Jumanne mchana kuogelea, Jumatano daktari wa meno (si wangu, wa mtoto). Nilifurahi kuona jina langu sikatai, maana ina maana walinifikiria kabla sijafika, wiki hiyohiyo walinipeleka ofisi ya mji kuandikishwa makazi na siku ile tu ilishaandikwa tangu mwezi uliopita. Ila nilichelewa kugundua kwamba kwenye ile safu hakukuwa na kitu hata kimoja nilichokiweka mimi. Hata kozi yangu ya lugha mwanzoni iliandikwa kwenye safu ya mama kwa sababu yeye ndo alikuwa anapiga simu kuulizia nafasi.

Kazi yenyewe ya asubuhi, hasa baridi ikishaingia, wacha niielezee vizuri kwa sababu watu wanadhani kulea mtoto ni kucheza naye. Saa kumi na mbili na nusu nje giza totoro. Unaamsha wawili, mmoja anaamka, mwingine anajifunika. Unapanga viboksi vya chakula, mkate na siagi na jibini kwa mkubwa, kwa mdogo mkate bila ganda na tufaha likatwe vipande vinne, ukikata sita ana kesi. Afu ndo kuvaa. Soksi za pamba, suruali ya ndani, suruali, sweta, ndo inakuja ile suruali ya theluji ya mikanda mabegani, viatu vya soli ya mpira, koti, zipu mpaka kidevuni, skafu, kofia, glavu zile zisizo na vidole ambazo kidole gumba lazima kiingie sehemu yake na hakiingii. Umemaliza, jasho linakutoka, umeshika mlango, anakuangalia kwa utulivu kabisa anasema anataka kukojoa. Kila siku. Baadaye nikawa namuuliza kabla, anasema hapana, afu kwenye glavu ya pili anakumbuka.

Chakula je? Mchana chakula cha moto, usiku mkate. Familia ile usiku wanaweka mezani vibao vya mbao badala ya sahani, mikate ya rangi tatu, jibini, soseji za kukatwa, matango ya siki, nyanya, kila mtu anajipakia, na ndo chakula cha usiku kimeisha hapo. Wiki za mwanzo nilikuwa nasubiri chakula kiletwe. Sikusema kitu, nikawa naenda kulala na mkate tumboni, mpaka siku mama mwenyeji akaniuliza mbona unakula kama ndege, nikamwambia ukweli kwamba usiku natafuta kitu cha moto, akashangaa akasema jiko lile pale, pika, ukipikia na sisi tutakula. Ndo nikawa napika mara kwa mara jioni, na wale watoto wakajifunza kula vitu ambavyo bibi yao alivitazama kwa mashaka. Mimi pia nikapenda Maultaschen, ni kama mifuko ya unga iliyofungiwa nyama na mchicha inachemshwa kwenye supu, siku ya baridi ukipewa bakuli lake unaisamehe dunia.

Halafu majina. Waliniambia niwaite kwa majina yao tu, bila bwana wala bibi, bila mama wala baba. Mtu umri wa mama yangu mzazi, nimwite hivi kavu kama namwita mwenzangu wa darasani? Nilikaa muda mrefu sana nikikwepa kumwita kabisa, nikimtaka namfuata mpaka alipo ndo naongea. Nyumba nzima nimeizunguka kwa miguu kwa sababu ya adabu.

Upande ule wa Stuttgart, Waswabia, wana kitu kinaitwa Kehrwoche, zamu ya usafi wa jengo. Ikifika zamu yenu mnakuta kibao kimening'inizwa mlangoni, basi wiki hiyo ngazi, korido ya chini, na njia ya mbele ya nyumba ni juu yenu, kufagia na kudeki, na jirani wa chini, mama mmoja mzee mwenye kiuno kigumu na macho mazuri mno, anapita baada yako kuona. Sasa kudeki ngazi za jengo la watu si kazi ya au pair ukitaka kubishana kisheria, kazi zako ni za nyumba mnayoishi na za watoto. Lakini mdogo alikuwa anaipenda ile zamu kuliko sherehe, anapewa kifagio chake kidogo anashuka nacho ngazi moja moja akipiga kelele, basi mimi namfuata na ndoo. Je hapo nilikuwa nafanya kazi, nacheza na mtoto, au nawafanyia usafi majirani bure? Mpaka leo sijui ningeiandika kwenye safu ipi.

Jumapili maduka yamefungwa, hakuna kupiga mashine ya kufagilia zulia, hakuna kudrili ukuta, hata chupa tupu huruhusiwi kwenda kuzitupa kwenye makontena ya vioo kwa sababu zinapiga kelele. Chupa zenye thamani zinarudishwa dukani, ya plastiki ya kutumia mara moja inakupa senti 25, na hiyo ikawa hela yangu na mkubwa, tunazikusanya na kumlisha mashine pale supamaketi, risiti ikitoka anaishika yeye kama mshahara. Taka nyingine ni somo la chuo: karatasi kwake, plastiki kwake, maganda ya vyakula kwake, zilizobaki kwake, na ukikosea si mama atakayekwambia, ni mtoto wa miaka minne.

Na madirisha! Januari, nje kumeganda, mama anapita vyumba vyote anafungua madirisha wazi kabisa, dakika kadhaa, hewa iingie unyevu utoke, ukutani kusiote ukungu. Anagonga mlango wangu vizuri, anaingia, anafungua, anatabasamu, anaondoka. Mimi niko kitandani na blanketi mpaka puani namuombea maisha marefu. Nilibisha moyoni mwezi mzima afu nikaona rafiki yangu wa kozi aliyekuwa anaziba dirisha lake kabisa ukuta wake umekuwa mweusi kona nzima, nikaanza kufungua mwenyewe bila kugongewa.

Lugha sitaisema sana. Niseme tu A1 yako unayoondoka nayo ni ya kitabuni, na Uswabia hakuna anayeongea kitabu. Bibi wa watoto alikuwa akiongea mimi nashika jina langu tu katikati ya sentensi, natabasamu, yeye anafurahi, tunaelewana hivyohivyo. Mwalimu wangu wa kweli alikuwa yule mtoto wa chekechea, kwa sababu mtoto hana huruma, ukikosea anakurudisha palepale, ukikosea tena anacheka, na hachoki kurudia neno moja mara mia.

Sasa tuje kwenye penyewe.

Saa 30 ukizisoma kwenye karatasi ni nyingi na zinaeleweka. Ndani ya nyumba hazionekani. Hakuna aliyewahi kuniambia fanya kazi siku yako ya ofu. Inakuja hivi: ni Jumamosi, ofu yangu, natoka chumbani kwenda kuchemsha chai. Mama yuko mezani na laptopu, ana kitu cha ofisi anamalizia, mtoto anazunguka zunguka miguuni kwake. Ananiona, uso unamng'aa (mtoto), anakuja na kitabu chake cha matrekta. Mama ananiangalia ananipa ile ishara ya shukrani kwa mdomo bila sauti. Nifanyeje? Nimwambie mtoto wa miaka minne niko ofu? Nakaa nasoma matrekta. Matrekta yanaisha, anataka tujenge. Chai imepoa, saa moja na nusu imeondoka, na hakuna mtu yeyote aliyeniomba chochote. Afu kesho yake hivyo, na keshokutwa jioni "unaweza kumuangalia tu mara moja naenda kuoga", na Alhamisi wametoka usiku wamesema watarudi saa tatu wamerudi saa sita.

Nikaanza kuandika nyuma ya daftari langu la kozi. Sikuwa na hasira, nilitaka tu kujua kama najisikia kuchoka bure au nina haki. Ikawa inapita 30 vizuri tu, kila wiki.

Kwenye kozi nilikuwa na wenzangu, mmoja kutoka Madagascar, mwingine Kolombia, mwingine Georgia, na kila tukikutana mada ni hiyohiyo. Yule wa Kolombia alishakuwa mpishi na mfuaji wa familia nzima, mpaka mashati ya baba anapiga pasi, akiuliza anaambiwa lakini wewe ni mtu wa humu ndani, kila mtu humu anasaidia. Akavunja mkataba, alikuwa na notisi ya wiki mbili, akatafuta familia nyingine na kwenda kubadilisha kwenye ofisi ya wageni, kwa sababu kibali kinahusiana na familia uliyonayo, huhami tu kama unahama baraza. Alipata ya pili ikawa nzuri. Ila zile wiki mbili za kulala kwa watu uliowaambia unaondoka, alisema ilibaki kidogo awe anakula bafuni.

Mimi sikutaka kufika huko, kwa sababu wangu niliwapenda, na ndo ugumu wenyewe ulipo, ukimchukia mtu kumdai ni rahisi. Niliomba tukae Jumapili usiku watoto wakishalala. Nikaja na daftari. Baba mwenyeji akaenda kabatini akarudi na faili (wale watu kila kitu kina faili), akatoa mkataba wetu, akauweka katikati ya meza, akaanza kujumlisha namba zangu kwa kalamu bila kusema neno. Nikajua nimekwisha. Alipomaliza akasema ziko sahihi, zimezidi, akamgeukia mkewe.

Mama uso ukawa mwekundu. Akaniambia kitu ambacho sikukitegemea kabisa. Alisema kila nikitoka chumbani yeye alikuwa anadhani nimechoka kukaa peke yangu, anaogopa nisije nikawa mpweke kwenye nyumba yake, kwa hiyo alikuwa anawaachia watoto waje kwangu makusudi, anawanong'oneza hata, nendeni mkakae naye. Na mimi nilikuwa natoka chumbani kwa sababu naona nikijifungia ndani siku nzima nitaonekana nina dharau, au nimenuna. Chai yenyewe nusu ya siku sikuwa hata na hamu nayo. Yani miezi yote hiyo tulikuwa tunafanyiana adabu, kila mmoja kwa gharama ya mwenzake, na bili yote inakuja kwenye saa zangu.

Tulichokubaliana kilikuwa kidogo na cha kijinga na kilifanya kazi. Kwenye kalenda saa zangu za kazi zikawa zinapakwa rangi ya kijani, nje ya kijani ni zangu, wakitoka usiku inaingia kijani na inatolewa sehemu nyingine. Kozi yangu ikahamia kwenye safu yangu, kwa mwandiko wangu. Na mlangoni kwangu mkubwa akatengeneza kibao cha karatasi ngumu, upande mmoja kijani, upande mmoja nyekundu, kijani kaandika njoo, nyekundu kaandika hapana na herufi moja kaigeuza, na chini kanichora mimi nina nywele kubwa kuliko mwili. Mdogo alikiheshimu kile kibao kuliko wazazi wake. Kikiwa nyekundu anakaa chini nje ya mlango anaimba kwa nguvu, haingii, anaimba tu, maana kuimba hakujakatazwa.

Jambo moja halikuisha vizuri na nalisema kwa sababu lazima litakukuta. Likizo. Walinichukua tukaenda wote ziwa Bodensee, pazuri sana, ng'ambo unaona Uswisi, na wakahesabu ile wiki kwenye likizo yangu. Sasa likizo gani hiyo, nimelala chumba kimoja na watoto, asubuhi mimi ndo nawapaka mafuta ya jua, mchana wao wameenda kuendesha baiskeli mimi niko ufukweni nahesabu vichwa viwili majini. Nilisema. Baba alielewa, mama alisema lakini tulikulipia kila kitu na ulifurahi, na kweli nilifurahi, ndo tatizo. Mwisho tuligawana, nusu ya zile siku nikarudishiwa. Kwa maoni yangu zote zilikuwa zangu. Familia ikienda likizo na wewe ukaenda kuangalia watoto, hiyo ni kazi yenye mandhari nzuri.

Hela nayo watu wanapenda kuuliza. Kwenye euro 280 hulipi kodi ya chumba, hununui chakula wala sabuni, kwa hiyo kwenye karatasi yote ni yako. Usafiri ndo unaimaliza, mimi nilibahatika maana ile tiketi ya nchi nzima ya treni za mikoa na mabasi ilianza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi na familia ikawa inanilipia, ila ilishapanda, mwaka 2025 ikawa 58, na si kila familia inaibeba, muulizeni mapema. Kutuma nyumbani kila mwezi kwa hela hiyo ni kujitesa, mi nilituma mara chache na nilisema wazi sitaweza zaidi. Kuna mtu atakwambia anajenga kwa hela ya au pair, mwache ajenge.

Kuna siku pia unasahau kabisa mambo ya kijani na nyekundu. Mwezi wa kumi na moja kuna sikukuu ya Mtakatifu Martin, tarehe 11, watoto wanatembea jioni na taa walizotengeneza kwa karatasi, mbele kuna mtu juu ya farasi kavaa joho jekundu. Mdogo alichoka njiani, nikambeba mgongoni na taa yake nikaishika mimi, na mama mmoja wa pale chekechea akaniuliza kwa Kijerumani cha polepole kama anaongea na kiziwi, wewe ni nani wa hawa watoto? Kabla sijatafuta neno mkubwa akamjibu, huyu ni wa kwetu, kwa sauti ya mtu anayeulizwa kitu cha wazi. Saa hiyo ilikuwa nje ya kijani na sikuiandika.

Ila nawaambia, kuna siku nyingine mtoto wa watu pale chekechea alinisugua mkono kuona kama rangi inatoka, na kwenye basi mtu kaninyanyukia akaenda kukaa mbali, na ukirudi nyumbani jioni huna wa kumwambia kwa lugha yako. Familia yangu walisikiliza nilipowaambia, mama alikasirika kuliko mimi. Lakini mtu akikasirika kwa niaba yako inabidi umtulize, nayo ni kazi.

Baada ya mwaka viza imeisha. Wengi wanabaki kwa kuingia mwaka wa kujitolea, wanaita FSJ au BFD, au mafunzo ya kazi ukiwa na lugha ya kutosha, mara nyingi B1, yani kiwango cha kati, kwenda juu. Kama hiyo ndo mipango yako hakuna ubaya, ila kozi usiifanye ya mwisho, kwa sababu mwaka unaenda na watoto wa watu hawatakufundisha sarufi ya kujazia fomu. Mimi nilirudi. Tunaongea kwa video, yule mdogo sasa anasoma, na bibi yao bado simuelewi.

Ukiwa kwenye video ya kwanza na familia, kabla ya kusaini chochote, omba wakuonyeshe chumba chako, kina dirisha, kina mlango unaofungwa. Omba ratiba ya wiki ya kawaida, si ya wiki nzuri. Uliza usiku wakitoka inahesabiwaje, likizo wakienda na wewe inahesabiwaje, na kama walishakuwa na au pair kabla yako omba uongee naye. Afu waulize hivi: siku yangu ya ofu nikitoka kwenda jikoni kuchemsha chai, watoto wataambiwaje? Wakicheka wakasema hawajawahi kufikiria hilo, hiyo si mbaya hata kidogo, mtaifikiria pamoja. Wakikwambia sisi hatuhesabu saa, sisi ni familia, mi ningewauliza tena kwa upole kabisa, na ningekaa kimya mpaka wanijibu kwa namba.